Jinsi ya kukuza fuwele kubwa ya sukari jikoni kwako

Mambo zenu, karibuni tena, leo niko jikoni kwangu hapa Majengo, Moshi, nakuza fuwele, yani kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na mezani nina sukari, chumvi, na kile kidonge cheupe cha nafthalini tunachoweka kabatini kufukuza wadudu.

Kabla ya yote chukua kijiko kikuukuu, weka sukari kidogo, shikilia na kitambaa juu ya moto mdogo. Unaona? Inalainika, inakuwa kahawia, inanukia. Sasa jaribu na chumvi, hapo utasubiri mpaka mtungi wa gesi uishe maana chumvi inataka nyuzi 801 ndo iyeyuke, sukari kwenye 186 tu imeshaachia na molekuli zake zinaanza kuungua. Yani kwenye chumvi ni chaji chanya na chaji hasi zimeng'ang'aniana, ila sukari imepangwa molekuli nzima nzima, kila moja ina atomi 45 zilizoshikana kwelikweli, lakini molekuli na jirani yake wameshikana kidogo tu, kwa vifungo vya haidrojeni. Nafthalini ndo dhaifu zaidi, inaruka kuwa mvuke bila hata kuyeyuka kwanza, ndo maana kidonge kinapungua chenyewe kabatini. Hicho usikipashe moto, mvuke wake ni sumu.

Haya, sufuria jikoni. Maji kikombe kimoja, sukari vikombe vitatu, unaongeza kidogo kidogo huku unakoroga mpaka usione hata chembe chini, halafu epua. Chukua uzi wa pamba, chovya, vingirisha kwenye sukari, uache ukauke KABISA. Zile chembe ndo mbegu, molekuli zinapotaka kutulia zinaenda pale ambapo wenzao wameshajipanga, hata viwanda vya sukari vinatumia mbegu hivohivo.

Mimina kwenye chupa safi ya jamu, subiri ipoe iwe vuguvugu maana ikiwa moto sana itayeyusha mbegu zako, ning'iniza uzi usiguse chini, funika na karatasi. Usiweke kwenye friji jamani, mimi mara ya kwanza niliweka nikapata uji wa chembe ndogondogo, nikaumia sana, kumbe zikipozwa haraka kila moja inaanza kivyake hazipati muda wa kupangana. Weka kona tulivu siku saba mpaka kumi, usitikise.

Na huo mpangilio sio wa urembo. Mwaka 1998 dawa ya ARV inaitwa ritonavir ilianza kutoka kiwandani na fuwele ya aina nyingine, molekuli ni ileile kabisa ila zimejipanga tofauti, ikawa haiyeyuki vizuri, vidonge vikatolewa sokoni, wakati kuna watu walikuwa wanaitegemea kuishi. Hii inanigusa sana, ndo maana nataka mtoto wa sekondari aione fuwele kwa macho yake. Kuna fuwele nyingine inaitwa anthrasini, ikipigwa na mionzi inatoa mwanga, wanatumia kupima mionzi.

Hii hapa ya kwangu siku ya tisa. Isogeze dirishani, zungusha taratibu, ona uso huu umelala mshazari, sasa angalia uso wa fuwele ya jirani yake, mshazari uleule. Ivute polepole, isuuze na maji baridi sekunde moja tu, ining'inize ikauke, ila mbali na sisimizi, wameshanilia mbili.