Sebene la Bronx: DJ alikuwa mwenye shughuli, rapa alikuwa mgeni

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, na mwenzangu leo kaja na begi zito utadhani kafukuzwa kwao.

BEKA: Mashine ya santuri hiyo, ya marehemu mjomba. Alikuwa akipiga disko vumbi, mimi kazi yangu kubeba spika.

ZUHURA: Wiki iliyopita nilisema hip hop ilianzishwa na marapa. Kaka Beka akanuna mpaka leo.

BEKA: Sikununa, nilinyamaza tu. Mdogo wangu, pale Bronx, mtaa wa New York hip hop ilikozaliwa, mwenye shughuli alikuwa DJ. Rapa alikuja baadaye kama mgeni, akakalia kiti cha bwana harusi.

ZUHURA: Haya, tupe ushahidi.

BEKA: Tarehe 11 Agosti 1973. Binti anaitwa Cindy Campbell anataka hela ya nguo mpya kabla shule hazijafunguliwa. Anachukua ukumbi mdogo wa jengo wanaloishi, 1520 Sedgwick Avenue. Kadi za mwaliko wameziandika kwa mkono. Kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50.

ZUHURA: Wasichana nusu bei! Cindy alijua biashara. Wakishajaa wasichana, nani atalalamikia senti 50?

BEKA: Na DJ ni kaka yake, Clive Campbell, miaka 18. Mtaani wanamwita Kool Herc. Kazaliwa Kingston, Jamaika, kahamia Bronx 1967. Huko kwao muziki unapigwa nje, spika kubwa kama makabati.

ZUHURA: Subiri, nisimame kidogo kwa Cindy. Wazo lake, ukumbi wake, kadi zake, halafu historia nzima inamtaja kaka mtu.

BEKA: Hapo sina ubishi. Kama kuna mwandaaji wa kwanza wa shoo ya hip hop, ni yeye.

ZUHURA: Sasa Herc alifanya nini cha ajabu? Kupiga santuri watu wote walikuwa wanapiga.

BEKA: Umeshakwenda dansi la wazee? Mwimbaji analalamikia mapenzi, watu wametulia na vinywaji vyao. Gitaa likiingia kwenye sebene tu, mezani inabaki mikoba.

ZUHURA: Shangazi zangu hao!

BEKA: Herc aliona hilohilo. Wachezaji walikuwa wanavizia pale sauti na tarumbeta zinaponyamaza, ngoma zinabaki peke yake. Wao wanapaita breki. Shida yake ni fupi, sekunde chache imekwisha, mwimbaji huyo karudi na malalamiko yake. Basi Herc akachukua nakala mbili za santuri ileile. Breki ikiishia upande huu, anaianzisha upande wa pili. Ikiishia kule, anarudi huku. Sekunde kumi zinakuwa dakika tano. Akaiita Merry-Go-Round, ile bembea ya watoto ya kuzunguka. Na waliokuwa wanacheza kwenye breki ndio wakaitwa b-boys na b-girls. Hiyo B ni ya breki.

ZUHURA: Kumbe! Miaka yote hiyo mimi nasema B ya Bronx.

BEKA: Na moja ya santuri alizozitegemea sana ni "Apache" ya Incredible Bongo Band, ya 1973. Kabla hujashangilia, hiyo Bongo ni ngoma, siyo sisi.

ZUHURA: Acha nijidanganye kidogo.

BEKA: Na alikuwa msiri! Alikuwa anaziloweka santuri zake mpaka ile karatasi ya katikati ibanduke, mtu akichungulia asione jina.

ZUHURA: Kama yule muuza mishikaki wetu, akifika kwenye viungo anakupa mgongo. Sasa hapo kipaza sauti kiko wapi?

BEKA: Kipo kwa rafiki yake, Coke La Rock. Anasalimia watu kwa majina, anachombeza. Kama MC wa harusi tu, akisema au asiseme, shughuli inaendelea.

ZUHURA: Nimekuelewa. Ila huyo Herc, nasikia alikuwa anashusha sindano kwa kukadiria.

BEKA: Kweli, mara nyingine mdundo unapishana. Hapo ndipo anapoingia fundi mwenyewe: Joseph Saddler, Grandmaster Flash. Kazaliwa Barbados, shule kasomea umeme wa redio na vifaa vyake. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kufungua redio za watu. Njoo huku uone. Hii santuri mbovu, siiharibii chochote. Nachora mstari wa krayoni pale breki inapoanzia.

ZUHURA: Unapita kama mshale wa saa.

BEKA: Ndivyo mwenyewe alivyoutumia. Breki ikiisha, unahesabu mstari umepita mara ngapi, unairudisha santuri nyuma kwa mkono idadi hiyohiyo. Hubahatishi. Hedifoni sikioni unasikia ya pili kabla ukumbi haujaisikia. Na chini ya santuri akaweka kitambaa alichokikaza kwa wanga na pasi, ili sahani izunguke huku santuri umeishika.

ZUHURA: Wanga na pasi! Hip hop imetoka kwenye kikapu cha kufulia.

BEKA: Na kumbuka, santuri siku hizo ilishikwa pembeni tu. Ningeweka kidole katikati, mjomba angenifukuza nyumbani.

ZUHURA: Na kukwaruza santuri je, ile scratch? Nilidhani ni Flash pia.

BEKA: Mtoto mmoja anaitwa Theodore Livingston, baadaye Grand Wizzard Theodore. Karibu 1975, ana miaka kama 12, kafungulia muziki chumbani. Mama kaja mlangoni kumgombeza. Dogo kaishika santuri isiendelee, huku anaitikia mkono unacheza mbele nyuma. Mama alipoondoka, ule mlio ukabaki kichwani.

ZUHURA: Mama asingegomba je?

BEKA: Wacha wee.

ZUHURA: Sasa rapa alikipataje kiti?

BEKA: Rap ilipoanza kutolewa kwenye santuri. 1979, Sylvia Robinson wa kampuni ya muziki ya Sugar Hill Records anakusanya vijana watatu, wanarekodi "Rapper's Delight". Mdundo umetoka kwenye "Good Times" ya bendi ya Chic, lakini haukupigwa na DJ. Umepigwa na bendi studio. DJ kwa heri. Na Big Bank Hank, mmoja wa hao watatu, mistari yake kaichukua kwa rapa mwingine, Grandmaster Caz, mpaka anatamka herufi moja moja jina la Casanova, jina la Caz! Hata kubadilisha hakubadilisha.

ZUHURA: Aibu hiyo. Na "The Message" ya 1982?

BEKA: Jina la Flash liko pale juu, mashine zake humo hazisikiki. Wanaorap ni Melle Mel na Duke Bootee. Wimbo mkubwa, siupingi, hakuna aliyeielezea mitaa ile vizuri hivyo. Lakini ukitaka kumsikia Flash mwenyewe, tafuta "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", 1981. Dakika saba, mashine tatu, mikono yake.

ZUHURA: Mwaka huohuo, Februari, rapa Sha-Rock na kundi lake la Funky 4 + 1 wako kwenye kipindi cha TV cha Marekani, Saturday Night Live. Dada mmoja na wanaume wanne, na yeye ndiye unayemkumbuka.

BEKA: Sauti kavu, hababaiki.

ZUHURA: Nadhani nimejua kwa nini nilikosea. Kwetu ile kitu ilifika ndani ya kaseti. Mashine hazikuja, vilikuja vinywa tu. Rapa wetu Saleh Jabir 1991 anarap Kiswahili juu ya mdundo wa rapa wa Marekani, Vanilla Ice, na mdundo wenyewe umeshapikwa. DJ tungemwona wapi?

BEKA: Hapo umenipiga, sikuwahi kuiwaza hivyo. Sisi tulikuwa na kalamu ya Bic ya kurudishia mkanda, basi.

ZUHURA: Sogea, nijaribu. Nashika hapa?

BEKA: Sindano usiiguse. Kiganja chepesi. Subiri mstari upite... moja... mbili... sasa rudisha.

[Mkwaruzo mrefu, kisha ngoma]

ZUHURA: Nimewahi mno.

BEKA: Umewahi mno. Rudia.