Saini na Barua Yake: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Assalaam aleikum. Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya ukusanyaji wa saini na barua za wanasiasa, na ni vyema niseme mapema msimamo wangu: anayeithamini saini na kuidharau barua ameshika ganda. Katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, wakusanyaji wengi walikuwa wakiikata saini kwa mkasi na kuibandika katika albamu, kisha karatasi iliyobaki ikatupwa. Vipande hivyo vingalipo sokoni, na kwa kawaida bei yake haifikii bei ya barua kamili ya mtu yuleyule.

Tuchukue mfano unaotugusa sisi watu wa mwambao. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu ukanda wa maili 10, ambao Lamu na Malindi zimo ndani yake, na ambao tangu mkataba wa 1895 uliendeshwa na Waingereza kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Humo mna ahadi za uhuru wa kuabudu, mamlaka ya makadhi, watoto wa Kiislamu kusomeshwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana, maeneo yenye Waislamu wengi kupewa maofisa Waislamu inapowezekana, na hati za umiliki wa ardhi kutambuliwa. Tarehe 8 Oktoba mkataba wa kuuingiza ukanda huo katika Kenya ukatiwa saini London. Sasa fikirini mtu amezikata saini zile na kuzitia katika fremu: angebaki na majina mawili ukutani, na ahadi ambazo hadi leo watu wanazijadili barazani zingekuwa zimekwenda na karatasi.

Mfano huohuo unatuonyesha uadimu hutoka wapi. Serikali ya Shamte ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, kwa hiyo barua alizozitia saini akiwa Waziri Mkuu ni za miezi michache tu. Wamarekani wanaye William Henry Harrison, aliyefariki mwaka 1841 baada ya urais wa mwezi mmoja, na karatasi alizozisaini akiwa rais hutafutwa kwa udi na uvumba. Umaarufu peke yake haupandishi bei. Rais aliyetawala miaka mingi huacha saini tele.

Lakini je, ni mkono wake kweli? Wazee wetu walilijua swali hili. Katika barua nyingi za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, karani aliandika maneno yote, kisha bwana wake akaongeza mstari mmoja wa kuthibitisha kuwa ameuandika kwa mkono wake mwenyewe. Serikali za kisasa hazina adabu hiyo. Tangu mwaka 1833 sheria ya Marekani ilimruhusu katibu kutia jina la rais katika hati za ardhi, na barua za John F. Kennedy zinawasumbua wakusanyaji kwa sababu nyingi zilisainiwa na makatibu wake au na mashine. Mkono wa binadamu haurudii saini ileile mstari kwa mstari. Ukiziweka saini mbili moja juu ya nyingine mbele ya mwanga zikalingana kabisa, shuku mashine. Muhuri wa mpira nao huacha wino mzito kwenye kingo na hauchimbi karatasi kama kalamu.

Kwa mnaotaka kuwaandikia viongozi wa leo, neno langu ni fupi: ulizeni jambo mahususi. Anayeomba saini tu hupewa picha iliyochapwa. Anayeuliza kuhusu mswada fulani au gati la kijijini kwake huenda akajibiwa.

Barua ikishafika, adui ni hewa yetu yenye chumvi na unyevu. Msiigandishe ndani ya plastiki ya moto, wala msiizibe kwa selotepu, kwani gundi yake huigeuza karatasi rangi na kuibandua ni taabu. Ifungeni kwa karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta unaotoa maji, pamoja na bahasha yake, maana muhuri wa posta ni shahidi wa tarehe. Halafu andikeni kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, barua imetoka kwa nani na imepitia mikononi mwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatari ambayo wengi hawaitaji ni mirathi. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya maelfu ya vitabu na nyaraka, na kwa kuwa serikali ilinunua mkusanyo ule, mtafiti anausoma leo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Hapa kwetu bunda la barua za babu hugawanywa kama vyombo vya nyumba, huyu akachukua tatu, yule tano, na majibu yakatengana na maswali yake. Mimi ningependekeza familia ilipige picha bunda zima, kila mrithi apate nakala, na asili iwekwe wakfu chini ya mtunzaji mmoja, kwa hati inayotaja idadi ya barua, mahali zinapokaa, na nani ana ruhusa ya kuzisoma.