Chuo Kilipoingia Jeshini

Ahsante, Mwenyekiti. Nimepewa dakika ishirini, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Hoja yangu wengine mmeisikia hadi mmeichoka. Kila yanapotajwa mafunzo ya maofisa katika vyuo vikuu vya Marekani, haya wenyewe wanayoyaita ROTC, watu wetu huona picha moja tu: jeshi limevamia chuo, buti limekanyaga kitabu. Mimi nasema mlitazame upya. Walioanzisha jambo hili walitaka kumpenyeza raia msomi ndani ya jeshi, kwa sababu waliliogopa jeshi la watu waliosomeshwa peke yao nyuma ya ukuta.

Vitabu vingi huanza na sheria ya 1916. Mimi huanza na mtu mmoja mkorofi, Alden Partridge.

Partridge alizaliwa kijiji cha Norwich, jimbo la Vermont, akasoma West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, akafundisha hapohapo, na kufikia 1815 akawa mkuu wa chuo. Hakuelewana na walimu wenzake. Mwaka 1817 Rais Monroe akamteua Sylvanus Thayer ashike nafasi yake. Mtu mwingine angefunga mizigo. Partridge aliondoka, kisha akarudi, akajitwalia uongozi wa chuo mbele ya mkuu halali! Thayer ikabidi aondoke, amri zikashuka kutoka juu, na Partridge akafikishwa mahakama ya kijeshi. Akahukumiwa kuvuliwa cheo, Rais akampunguzia, naye mwaka 1818 akajiuzulu.

Leo sanamu ya Thayer imesimama West Point, na Thayer anaitwa baba wa chuo kile. Sawa, anastahili. Lakini yule aliyefukuzwa alirudi kijijini kwao, na mwaka 1819 akafungua chuo chake mwenyewe. Gwaride, na darasani: uhandisi, kilimo, lugha za kisasa, ubaharia. Likizo aliwatembeza kadeti kwa miguu, safari za siku kadhaa, wakipima milima njiani. Wengi wa vijana wale hawakukusudia kuajiriwa jeshini, na hilo ndilo alilolitaka. Alidai kwamba jamhuri inayowaachia ujuzi wa vita watu wachache waliochaguliwa inajitengenezea tabaka la mabwana. Ailinde nchi raia, alisema, na raia huyo aongozwe na raia mwenzake aliyesoma.

Najua mnachonong'ona: mtu aliyenyang'anywa cheo lazima akitukane chuo kilichomfukuza. Kweli, kinyongo alikuwa nacho, tena kingi. Lakini kinyongo hakiifanyi hoja kuwa mbovu, na chuo chake kipo hadi leo: Norwich University.

Mwaka 1841 alipeleka ombi kwenye Bunge la Marekani, fedha za mauzo ya ardhi ya umma zigharimie vyuo vya namna hiyo katika kila jimbo. Wakampuuza. Akafariki 1854. Miaka minane baadaye, tarehe 2 Julai 1862, Rais Lincoln akatia saini sheria ya mbunge Justin Morrill, naye pia mtu wa Vermont. Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake, liuze, lijenge vyuo vya kilimo na ufundi. Ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya hapo? Waulizeni wenyeji wa asili wa bara lile. Huo ni mhadhara mwingine, na nitautoa mkinialika.

Muswada wa kwanza wa Morrill ulipigwa kura ya turufu na Rais Buchanan mwaka 1859. Ule wa pili ulikuja na maneno mapya: vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kivita. Kwa nini? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, na maofisa wengi wa West Point walikuwa wamehamia upande wa Kusini, akiwamo Robert E. Lee, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo chenyewe. Unaona hofu ya Partridge ilivyorudi?

Utekelezaji ulikuwa dhaifu. Chuo kinapelekewa afisa mmoja, bunduki chakavu, na ukimaliza hupati kamisheni yoyote, yaani cheo rasmi cha uofisa. Ila hapo pana jambo nalipenda: Chuo Kikuu cha Nebraska, kuanzia 1891, afisa aliyepelekwa alikuwa John Pershing, naye akaingia darasani na raia, akahitimu sheria 1893. Huyo ndiye aliyekuja kuongoza jeshi la Marekani Ufaransa katika Vita vya Kwanza. Sheria ya Juni 1916, iliyozaa ROTC yenyewe, ndiyo iliyounganisha masomo na kamisheni ya afisa wa akiba. Basi, hiyo 1916 mnaijua.

"Lakini gwaride lilikuwa la lazima!" Ndiyo, na hapo siwatetei. Sheria ya 1862 ilikiagiza chuo kifundishe, haikumlazimisha mwanafunzi asome. Vyuo ndivyo vilivyojiongezea. Wisconsin waliondoa ulazima 1923. California walikataa, na vijana wa Kimethodisti waliogoma kwa sababu za dini wakashindwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1934.

Na sisi je? Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai pamoja na mengine maofisa Waingereza waondoke. Hapo swali la nani awe afisa lilitugonga mlangoni. Mtaniambia tulikuwa na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa wasomi, na Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi waliogomea masharti yake. Jamani, JKT ni kitu kingine. Ilimtaka msomi alitumikie taifa, haikumtayarisha kuamuru kikosi. Msichanganye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Vita vya Vietnam vilistahili nusu ya muda wangu: jengo la ROTC kuchomwa moto Chuo Kikuu cha Kent State Mei 1970, siku mbili baadaye wanafunzi wanne kupigwa risasi na kufa. Harvard wakaachana na mpango huo, wakaurudisha 2011. Wanawake, na maofisa Weusi 639 waliotunukiwa kamisheni kambi ya Fort Des Moines Oktoba 1917 baada ya wanafunzi wa Howard, chuo kikuu cha Weusi, kupiga kelele, sijawagusa kabisa. Niulizeni hayo. Ya Vietnam hasa, maana naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Partridge.