Meno ya Stempu na Mtambo Ulioichapa

Mabibi na mabwana,

Mtu akishika stempu hutazama picha kwanza. Leo nawaomba mtazame meno yake, yaani kingo zinazobaki baada ya karatasi kuchanwa kwenye vitobo, kwa kuwa yanaweza kutuambia ni mtambo wa aina gani ulioichapa.

Kipimo chake ni idadi ya vitobo ndani ya sentimita 2, utaratibu tulioachiwa na Dakta Legrand wa Paris tangu miaka ya 1860. Zikitajwa namba mbili, ya kwanza ni ya juu na chini, ya pili ni ya ubavuni.

Mtaniuliza: vitobo hutobolewa baada ya kuchapa, vitajuaje habari za uchapaji? Vinajua kwa sababu kila aina ya mtambo ilikuwa na shida zake za karatasi, na kipimo kilichaguliwa kutibu shida hizo. Chukueni stempu ya Marekani ya senti 1, ya kijani, yenye sura ya Benjamin Franklin, ya toleo lililoanza 1922. Zilizochapwa kwa bamba bapa, karatasi moja baada ya nyingine, zilipewa kipimo cha 11. Ulipoingia mtambo wa mzunguko, ambao bamba lake hukunjwa likazungushiwa silinda, kipimo hicho kiliziacha shiti za stempu zikichanika kabla ya wakati. Wachapaji wakashuka hadi 10, zikawa ngumu kuchanika. Mwishoni mwa 1926 wakaanza kutumia 11 kwa 10.5, na hapo ndipo walipotulia.

Kwa hiyo ukiipata Franklin hiyo ya kijani yenye meno pande zote nne, na kipimo chake ni 10, au 11 kwa 10.5, imetoka kwenye mtambo wa mzunguko. Hapo sina shaka.

Shaka iko kwenye 11. Yalikuwapo mabaki ya karatasi za mtambo wa mzunguko ambayo, badala ya kutupwa, yalipitishwa kwenye mashine ya kipimo cha 11. Stempu hizo ni adimu mno, na meno yake hayatofautiani na ya Franklin za kawaida zilizozagaa kila mahali. Hapa meno peke yake hayatoshi, na anayetoa hukumu kwa meno tu anakosea.

Pima picha. Bamba linapokunjwa, mchoro uliochongwa juu yake hutanuka kuelekea upande wa mkunjo. Picha ya bamba bapa ina urefu wa takriban milimita 22. Ya mtambo wa mzunguko huzidi urefu au upana, kutegemea bamba lilikunjwa upande gani. Tofauti ni sehemu ya milimita, na rula ya kawaida hukudanganya.

Fanyeni hivi: chukua stempu ya bei ya chini ambayo una hakika ni ya bamba bapa, ikate kwenye kingo za picha, kisha iweke juu ya ile unayoishuku, ukilinganisha pembe moja sawasawa. Mstari wa fremu ya stempu iliyo chini ukichungulia upande wa pili, acha kila kitu, ipeleke kwa mtaalamu.