Andikeni hata wale mliowazoea

Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, leo sina kipaza sauti. Nimeambiwa nizungumzie ndege wote wanaofika hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki, hapa pwani ya Kenya, kuanzia Agosti mpaka vuli, sawa, lakini naanza pale pale ninapoanzia kila mwaka: hamuandiki! Mnaona, mnapiga picha, mnatumiana WhatsApp, basi. Akitokea ndege mgeni wa ajabu simu zinalia mpaka usiku, vitwitwi, hawa ndege wadogo wa ufukoni, wakitua kundi zima mbele yako kimya, eti hao ni wa kawaida.

Wa kawaida nani? Kulikuwa na ndege anaitwa sululu mwenye mdomo mwembamba, ndugu wa huyu wetu anayelia kule mikokoni. Zamani huko Mediterania alionekana makundi kwa makundi. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni Moroko, 1995. Mwaka 2025 IUCN, shirika la kuhifadhi viumbe, likatangaza ametoweka duniani. Na 2024 spishi 16 za ndege hawa wa ufukoni zilisogezwa kwenye daraja la hatari zaidi ya kutoweka, mmojawapo ni yule kitwitwi wa mdomo uliopinda chini, ambaye mnampita kila siku Mida bila hata kumtazama mara mbili.

Sasa huyo kitwitwi ndiye ninayemtaka. Anazaa Siberia, juu kabisa kwenye baridi. Baba anaondoka hata mayai hayajaanguliwa, mama anafuata, halafu watoto wanakuja peke yao wiki kadhaa baadaye bila mtu wa kuwaonyesha njia, mpaka hapa kwetu. Kule kuna panya wadogo wanaitwa lemingi. Mwaka wakiwa wengi, mbweha anashiba panya na vifaranga wanapona. Mwaka panya wakipotea, mbweha anageukia viota. Kwa hiyo ukitaka kujua kiangazi cha Siberia kilikwendaje nenda Mida Oktoba uhesabu watoto, basi.

Oktoba moja nilikwenda na kijana wangu mmoja, siku za bamvua, yale maji makubwa, maji ndio yanaanza kujaa, tukachuchumaa kando ya mikoko tusionekane. Maji yanapanda yanawasukuma ndege kwetu taratibu, mpaka unasikia midomo inavyochoma matope, tip tip tip. Nikamwambia tazama mgongo: mtoto kila unyoya una ukingo mweupe, kama magamba ya samaki. Mtu mzima mgongo kijivu, wengine bado wana mabaka mekundu tumboni, mabaki ya nguo za arusi. Tukahesabu kumi kumi, tukarudia, tukarudia tena. Kundi lote lile, watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja! Kijana akanyamaza, akaniuliza, kwani wenzao wako wapi? Hilo ndilo swali, na hakulipata kwa kupiga picha ya mgeni wa ajabu.

Najua kuna mtu hapa anasema sina darubini. Sululu unamjua bila darubini, ana urefu wa kuku na mdomo kama mundu, anauingiza kwenye shimo la kaa, anamtoa, anamkung'uta miguu ing'oke, anakwenda kumwosha majini ndio ameze. Andika idadi, tarehe, maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa. Mwingine atasema hesabu ni kazi ya watafiti. Mtafiti anakuja siku tatu, wewe unapita hapo kila siku ukienda kuvua! Na siku usipoona kitu andika sifuri, sifuri nayo ni habari, nimeshasema hili mpaka nimechoka.

Muda unakwisha, haya haraka haraka. Mla kaa, yule mweusi na mweupe wa miguu mirefu, anachimba shimo la kutagia kwenye mchanga wa Oman na Somalia huko, yai moja tu, na akifika hapa mtoto bado anamfuata mzazi akiomba chakula, kwa hiyo nao andikeni watoto mbali na wazima. Sabaki wale ndege wanaotoka Madagaska wanaondoka Septemba, wale wa kutoka kaskazini ndio wanaingia, msiwachanganye. Kozi wadogo wa Amur, wale ndege wawindaji, wanapita mwisho wa Novemba, hao sitawafikia leo.

Tarehe za bamvua nimezibandika pale mlangoni. Jumamosi tunakutana kwenye daraja la mbao muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa, na kila mtu aje na daftari na kalamu yake, maana simu zinakufa chaji.