Moshi wa Mwanza Ukitazamwa kutoka Angani

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Nimeombwa nieleze jinsi setilaiti zinavyouona uchafu wa hewa. Nitaeleza, lakini leo nataka hasa tuzungumzie zisichokiona.

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P ilirushwa Oktoba 2017 na huzunguka kilomita 824 hivi juu yetu. Kipimo chake, TROPOMI, hupokea mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu, kisha huuchambua rangi kwa rangi. Kila gesi ina rangi inazozifyonza. Naitrojeni dayoksaidi, inayotoka kwenye injini na mitambo ya makaa ya mawe, hufyonza buluu zaidi. Gesi hii haidumu. Baada ya saa chache imeshabadilika, hivyo ukiiona nyingi mahali ujue chanzo chake hakiko mbali. Ndiyo maana kwenye ramani ya Afrika eneo la Mpumalanga, Afrika Kusini, lenye mitambo mingi ya umeme wa makaa ya mawe, hung'aa kama kidonda.

Chembechembe za moshi hupimwa kwa vyombo vingine, kama MODIS iliyoko kwenye setilaiti mbili: Terra, ya mwaka 1999, na Aqua, ya 2002. Hivi huonyesha vizuri moshi wa kiangazi unaotoka kwenye mioto ya nyika ya Angola, Zambia na kusini mwa Kongo. Juu ya ziwa letu kazi ni ngumu kidogo: hesabu za MODIS hupenda maji meusi ya bahari kuu, na ufukweni kwetu maji yana mwani na tope.

Sasa tuje Mabatini, hapa hapa Mwanza. Sentinel-5P hupita karibu saa saba na nusu mchana. Wakati huo ardhi imechemka, hewa inapanda na kuchanganyika, na upepo wa ziwa unapuliza kuelekea nchi kavu. Moshi wetu mwingi una saa zake: alfajiri na jioni, majiko ya mkaa yakiwashwa, taka zikichomwa uani, samaki wakikaangwa barabarani. Usiku hewa ya chini hupoa na kutulia, moshi ukabaki bondeni kati ya vilima vya mawe. Setilaiti haipo, na hata ingekuwepo, kipimo kinachotegemea jua kingeona nini usiku?

Halafu kuna ukubwa wa picha. Kipande kimoja cha TROPOMI ni kilomita 5.5 kwa 3.5. Kinaweza kumeza mtaa wetu wa Kirumba pamoja na maji ya ziwa, kikatoa namba moja. Tena namba hiyo ni ya hewa yote, kuanzia chini hadi juu kabisa, ilhali Shirika la Afya Duniani, lilipoweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 5 za chembe ndogo kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, lilikuwa linazungumzia hewa ya puani.

Asia ilipata setilaiti yenye kipimo cha GEMS mwaka 2020, Amerika Kaskazini ikapata yenye TEMPO mwaka 2023. Hizo hupima gesi hizi kila saa ya mchana. Juu ya Ziwa Victoria hakuna ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ramani safi ya Mwanza, muulize ilipigwa saa ngapi, na kama kuna kipimo chochote kilichofungwa huku chini, kwenye ukuta wa shule au zahanati, cha kuilinganisha nayo.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale mbele.