Ukumbi wa Watu 150

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa usanifu majengo na nyinyi wa sanaa za maonyesho, asanteni kwa kuja. Kipaza sauti nimekikataa kwa makusudi. Wa nyuma kabisa, mnanisikia? Haya.

Mchoro huu ni wa ukumbi wa viti 150 tunaotaka kuujenga hapa chuoni. Mbele una nguzo nzuri, za kupigia picha za mahafali. Mimi naomba tuanzie juu, kwenye bati.

Tuliwahi kuigiza katika ukumbi mmoja, jina nalihifadhi. Mjane kapiga magoti, anamnong'oneza marehemu mumewe. Mvua ikashuka! Bati tupu, dari hakuna. Tukabaki kutazama midomo inavyocheza. Yule binti akangoja, mvua haikomi, akaanza kuimba. Safu ya mbele wakamwitikia. Alituokoa. Lakini jengo zima kuokolewa na mwigizaji mmoja, hiyo ni aibu yetu.

Makuti hayapigi kelele mvua ikinyesha, ila yanashika moto, na wenzetu wa chuo cha sanaa Bagamoyo, ambao jumba lao la maonyesho liliungua mwaka 2002, hawahitaji mhadhara juu ya moto. Basi tubaki na bati, chini yake dari nzito, na kati yake kitu cha kumeza sauti.

Sasa pigeni kofi, moja tu. Mmesikia linavyorudi? Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ile inayogonga ukuta kwanza ikisafiri zaidi ya mita 17 kuliko iliyokuja moja kwa moja, sikio huanza kuzisikia kama sauti mbili, na maneno hukanyagana. Kwa hiyo ukuta wa nyuma usiachwe na plasta tupu. Wekeni mapazia mazito au mbao zenye mianya.

Jukwaa msilijengee zege. Ngoma zetu watazamaji huzizunguka, kwa hiyo nataka sakafu tambarare na viti vya kuhamishika. Sakafu yenyewe iwe ya mbao, iliyoachiwa uwazi chini ili inepe. Waulizeni wachezaji magoti yao yanasemaje baada ya wiki mbili za mazoezi kwenye saruji. Fedha? Punguzeni nguzo.

Na mlango wa nyuma: mchoro unasema sentimita 90. Nimeupima wa chumba hiki, ni huohuo. Ndiyo maana ile ngoma kubwa mmeiona barazani; imegoma kuingia. Twendeni nje, vijana wanasubiri kuipiga.